Kioo cha laptopu kimepasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matengenezo na nani alipe

Kioo kikipasuka, wengi hukimbilia kuuliza bei ya fundi. Bei ina nafasi yake, lakini isiwe swali la kwanza. Jua kwanza kilichovunjika, hifadhi mafaili yako, soma karatasi za waranti na bima, ndipo laptopu ifunguliwe. Ukianza na bisibisi, huenda ukalipa mfukoni kitu ambacho tayari kilikuwa na wa kukilipia, na ukishafungua mashine hakuna tena wa kukusikiliza.

Kimepasuka dakika hii. Nianzie wapi?

Acha kukigusa. Usikibonyeze kuona kama doa litasogea, na usifunge na kufungua mfuniko ovyo. Kama vipande vya kioo vinadondoka, bandika selotepu safi juu ya ufa ili visikukate wala visiingie kwenye kibodi. Kidole kikishika majimaji yaliyotoka ndani ya paneli, nawa kwa sabuni.

Kisha piga picha: ufa kwa karibu, laptopu nzima ikiwa wazi, kona zote nne, na lebo ya chini yenye namba ya seriali. Andika saa na mahali ilipotokea wakati bado unakumbuka vizuri. Picha za siku ileile zina uzito kuliko maelezo marefu yanayoandikwa wiki mbili baadaye.

Jambo moja halingoji: kama laptopu imepinda, au sehemu ya chini imefura, usiichaji. Betri ya lithiamu iliyobonyezwa inaweza kushika moto, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kioo.

Nitajuaje kama ni kioo tu, au kuna kingine kimeharibika ndani?

Chukua kebo ya HDMI, unganisha laptopu na televisheni au monita yoyote. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kuonyesha kwenye skrini ya pili. Kama huoni kitu, mshale wa chini mara moja au mbili kisha Enter hubadilisha chaguo. Picha ikitoka safi kule, bodi kuu na kadi ya picha ziko salama, na tatizo liko kwenye mfuniko.

Ndani ya mfuniko kuna watuhumiwa watatu: paneli, kebo yake na taa ya nyuma. Paneli iliyopasuka hujitambulisha yenyewe. Utaona mistari iliyosambaa kutoka sehemu moja, madoa meusi yanayotanda, au nusu ya skrini yenye rangi na nusu nyingine imekufa. Kebo mbovu hubadilika unaposogeza mfuniko: picha inakuja, inakatika, inarudi ukifika pembe fulani. Taa ya nyuma ikifa, skrini inaonekana nyeusi kabisa wakati sauti na vitufe vinafanya kazi. Hapo zima taa za chumba, washa tochi ya simu na uielekeze kwenye skrini kwa ubavu. Ukiona aikoni hafifu sana nyuma ya giza, paneli bado inachora picha ila haina mwanga.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye muundo. Paneli ya LCD ni vioo viwili vyembamba vilivyobana tabaka la fuwele za kimiminika, na yenyewe haitoi mwanga. Mwanga hutoka kwenye taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni au nyuma yake. Skrini za OLED ni tofauti, kila pikseli (nukta ndogo ya picha) inajiwakia. Zikipata ufa, hewa na unyevu hupenya na kuziua pikseli kidogokidogo, kwa hiyo weusi unaenea hata kama hukuigusa tena.

Ufa uko juu tu na picha iko sawa. Kuna haja ya kubadilisha?

Pitisha ukucha taratibu juu ya ufa. Ukucha ukikwama na picha ni nzima, huenda kilichopasuka ni kioo cha juu, kile cha tachi au cha kinga. Ukucha ukiteleza bila kukwama na bado unaona mistari, paneli yenyewe ndiyo imevunjika kwa ndani.

Kwenye laptopu za zamani kioo cha juu kiliweza kubanduliwa peke yake. Nyingi za sasa zimegundishwa kioo na paneli kuwa kitu kimoja, na kuvitenganisha kunataka mashine na mikono iliyozoea. Fundi akisema lazima abadilishe vyote viwili, mara nyingi anasema kweli.

Ufa unaweza kuzibwa kwa gundi?

Hapana. Gundi au rezini inaweza kuzuia mkwaruzo wa juu usiendelee. Hairudishi fuwele zilizovuja wala nyaya nyembamba zilizokatika ndani ya paneli. Paneli iliyopasuka haitengenezwi, inabadilishwa.

Naweza kuendelea kuitumia hivyohivyo?

Unaweza, ukiwa na monita ya nje, na kwa mtu ambaye laptopu yake haitoki mezani hilo ni suluhisho la heshima kabisa. MacBook inaweza kufanya kazi ikiwa imefungwa ikiunganishwa na chaja, kibodi na kipanya vya nje. Lakini kama unabeba mashine kila siku, ufa utakua kwa mitikisiko tu.

Laptopu bado ina waranti. Watanilipia?

Waranti ya kawaida ya kiwanda hulipia kasoro ya utengenezaji: paneli iliyokuja na mistari, taa iliyokufa yenyewe, kebo iliyochakaa kabla ya muda wake. Kuangusha, kukalia, kumwagikiwa na kufungia kitu ndani ya mfuniko ni ajali, na ajali haimo. Wengi huumia hapa kwa sababu waliposikia "waranti ya mwaka mmoja" walielewa "mwaka mmoja wa kila kitu".

Kuna mpaka mwembamba unaostahili kupiganiwa. Bawaba ikikaza kupita kiasi, kila unapofungua inavuta plastiki ya mfuniko mpaka inaachia, na kioo kinapasukia kwenye kona ya chini karibu na bawaba hiyo. Huko si kuangusha. Wanaokagua hutafuta alama ya kugongwa: kituo kimoja ambako mistari yote inaanzia, au kona ya ganda la laptopu iliyobonyea. Kama kwako hakuna alama hiyo na bawaba inaonekana imeng'oka, sema hivyo kwa maandishi, ambatanisha picha ya bawaba, na omba jibu la maandishi lenye sababu. Wakikataa kwa simu, waombe waandike. Sheria za kumlinda mlaji katika nchi nyingi humpa mnunuzi haki dhidi ya muuzaji hata nje ya waranti ya kiwanda, kwa hiyo duka lililokuuzia nalo lijue.

Kinga ya ajali ni kitu gani, na inalipaje?

Ni mkataba wa ziada unaonunuliwa kando ya waranti, mara nyingi siku ya kununua laptopu au ndani ya muda mfupi baada yake. Kwa Apple ni AppleCare+. Dell, HP na Lenovo nao wana mipango yao ya uharibifu wa ajali. Kama hujui kama unayo, ingiza namba ya seriali kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni iliyoitengeneza. Baadhi ya laptopu, hasa zilizonunuliwa kwa ajili ya biashara, zilikuja na mkataba huo na mwenye kuitumia hana habari.

Ukiwa nayo, soma mambo haya kwa makini kabla ya kupiga simu. Mchango wako: mikataba mingine inakutaka ulipe kiasi maalumu kwa kila tukio, na cha skrini huwa kidogo kuliko cha uharibifu mwingine. Maana yake ni kwamba ukisema "kioo kimepasuka na pia ganda limebonyea", unaweza kuhamishiwa daraja la juu. Usifiche kitu, ila ulizia viwango vyote kabla hujakubali. Kikomo: mipango mingi huhesabu matukio kwa mwaka au kwa kipindi chote. Spea: mkataba unaweza kuruhusu sehemu zilizotumika na kurekebishwa, na hata laptopu mbadala inaweza kuwa ya aina hiyo. Na mwisho, michubuko isiyozuia matumizi kwa kawaida hailipiwi.

Kununua kinga baada ya kioo kupasuka halafu ukadai ni udanganyifu, na wanaogundua hawaishii kukataa dai tu.

Sina kinga ya ajali. Kuna pengine pa kudai?

Tazama sehemu tatu. Bima ya vitu vya nyumbani, kama ina kipengele cha uharibifu wa bahati mbaya. Bila kipengele hicho hulipa moto na wizi, si kikombe kilichoangukia skrini. Kadi ya benki uliyonunulia: baadhi zina ulinzi wa bidhaa kwa siku chache za mwanzo. Na bima ya safari, ingawa hii hupenda kuweka kiwango cha chini kwa vifaa vya elektroniki.

Kabla hujawasilisha dai, fanya hesabu. Toa mchango wako kwenye gharama ya matengenezo. Kinachobaki kikiwa kidogo, kumbuka kwamba dai linaweza kupandisha malipo ya bima yako mwaka unaofuata, au kukunyima punguzo la kutodai. Kwa kioo cha laptopu ya kawaida, mara nyingi kulipa mwenyewe ni nafuu. Kwa skrini ya OLED, au mfuniko mzima uliogundishwa, bima huwa na maana.

Kwenye fomu ya madai niandikeje?

Andika kilichotokea, kwa ufupi, kwa mpangilio wa saa, bila kupamba na bila kubahatisha. Mfano: "Tarehe 4, saa mbili usiku, laptopu ilikuwa juu ya meza ikiwa wazi. Nilivuta kebo ya chaja, laptopu ikaanguka sakafuni kwa kona ya kushoto ya mfuniko. Skrini ilionyesha mistari na doa jeusi mara moja. Niliizima na sijaipeleka kwa fundi yeyote." Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mthamini anataka kuikuta mashine kama ilivyoachwa na ajali.

Epuka "nilikuta tu imepasuka" kama unajua ilivyopasuka. Mkaguzi ataona kona iliyobonyea, na dai zuri litakufa kwa sentensi moja. Na kama kweli hukuona ilivyotokea, sema hukuona, usitunge.

Ambatanisha risiti ya kununulia, picha, namba ya seriali, na makisio ya gharama kutoka kwa fundi yenye jina la paneli, bei ya spea na bei ya kazi zikiwa zimetenganishwa. Makisio yanayosema "kutengeneza laptopu" peke yake hurudishwa.

Laptopu ni ya ofisi au ya shule. Niitengeneze kimyakimya?

Tafadhali usifanye hivyo. Ndani mna taarifa ambazo si zako, na mwajiri anaweza kuwa na mkataba wa matengenezo unaobatilika fundi wa nje akiifungua. Toa taarifa siku hiyohiyo. Kisha tafuta karatasi uliyosaini ulipokabidhiwa kifaa: ndiyo inayosema kama unachangia, na kwa hali gani. Uzembe na ajali ya kawaida kwa kawaida havitendewi sawa. Kabla ya kukubali kukatwa mshahara, omba kuona kipengele kinachoruhusu na ankara halisi ya matengenezo, maana sheria za kazi za sehemu nyingi zinataka ridhaa yako ya maandishi.

Mtu mwingine ndiye aliyeivunja. Alipe bei ya laptopu mpya?

Haki ni kurudishwa ulipokuwa kabla ya ajali. Kama inatengenezeka, alipe matengenezo. Kama haitengenezeki kwa gharama ya maana, msingi ni thamani ya laptopu iliyotumika kwa umri ule. Mtumieni fundi mmoja mnayemwamini wote wawili, aandike makisio, na mkubaliane tarehe za kulipa kwa ujumbe wa maandishi hata kama ni ndugu. Nimeona undugu ukiharibika kwa ahadi ya mdomo kuliko kwa kioo chenyewe.

Imepasuka ndani ya begi nililokabidhi uwanja wa ndege.

Ripoti kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, na upewe nakala. Kwa safari za kimataifa zinazosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika lazima yafike kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Kikomo cha fidia ya mzigo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya SDR (kizio cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, kwa begi na vyote vilivyomo. Mashirika mengi hupinga madai ya vifaa vinavyovunjika kirahisi, basi laptopu ipande nawe ndani.

Kwa nini bei za kioo hutofautiana sana?

Ukubwa una mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachopandisha ni aina ya paneli, rezolusheni (idadi ya pikseli), tachi, kasi ya kuonyesha picha, na kama inauzwa peke yake au lazima inunuliwe na mfuniko mzima. Paneli ya inchi 15.6 yenye 1366 kwa 768 na ya ukubwa uleule yenye OLED haziko dunia moja.

Kipimo changu: gharama ikizidi nusu ya bei ya laptopu iliyotumika ya aina hiyohiyo, simama ufikiri. Kama betri nayo imechoka, bora uelekeze fedha kwenye mashine nyingine na hii ibaki na monita ya nje.

Nitahakikishaje spea inaingiana?

Jina la laptopu halitoshi. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani ikiwa na paneli kutoka kwa watengenezaji tofauti: BOE, AU Optronics, Innolux, LG Display na wengine. Namba inayohusika iko kwenye stika nyuma ya paneli, kwa mfano NV156FHM-N48. Hiyo 156 ni inchi 15.6, na paneli yenyewe ina rezolusheni ya 1920 kwa 1080.

Linganisha vitu hivi kabla ya kulipa: namba ya paneli, rezolusheni, idadi ya pini za kiunganishi, upande kilipo, na kama paneli ina masikio ya skrubu juu na chini au haina. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina kiunganishi cha pini 30, na cha pini 40 hukutana nacho zaidi kwenye tachi na kwenye zenye rezolusheni au kasi kubwa. Ya 30 haikai kwenye kebo ya 40.

Muuzaji akikwambia "orijino", muulize daraja la paneli na kama inaruhusiwa kurudishwa ikikutwa na pikseli mfu. Jibu lake ndilo linalokueleza ubora wa spea.

Naweza kubadilisha mwenyewe?

Kwenye laptopu yenye fremu ya plastiki inayobanduka, ndiyo, ukiwa na mkono mtulivu. Kwenye MacBook, na kwenye skrini za tachi zilizogundishwa, ningemwachia fundi.

Chomoa chaja, zima kabisa, fungua mfuniko wa chini na uchomoe plagi ya betri. Hatua hii wengi huiruka. Kebo ya skrini hubeba umeme wa taa ya nyuma, na ukiichomeka ikiwa na umeme unaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi kuu: kioo kipya kinawashwa, na giza ni lilelile. Baadhi ya laptopu, kama ThinkPad nyingi za Lenovo, zinakuruhusu kuzima betri ya ndani kupitia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows kuwaka.

Bandua fremu kwa kucha au kipande cha plastiki, ukianzia ukingo wa ndani. Ondoa skrubu, kisha ilaze paneli kifudifudi juu ya kibodi iliyotandikwa kitambaa. Kama hakuna skrubu, kuna tepu mbili za kuvutika pembeni: vuta ncha yake taratibu sambamba na paneli, maana ukiinyanyua juu inakatika. Sasa tazama kiunganishi. Kuna selotepu juu yake, na mara nyingi kijiwaya chembamba kilichokilalia kama kufuli. Inua tepu, geuza kijiwaya, kisha sukuma plagi itoke kwa mlalo kama ilivyoingia. Ukiivuta kwenda juu, pini zinapinda, na hapo umeongeza kebo kwenye orodha ya manunuzi.

Unganisha kioo kipya, rudisha betri, washa ujaribu kabla ya kufunga fremu. Filamu ya kinga ibaki mpaka uridhike, kwa sababu wauzaji wengi hawapokei paneli iliyobanduliwa filamu.

Fundi anataka neno langu la siri. Nimpe?

Kubadilisha kioo hakuhitaji. Picha ya BIOS inatosha kuonyesha kwamba skrini inafanya kazi. Akitaka kujaribu kamera, simama naye uingize mwenyewe, au mfungulie akaunti ya mgeni. Nakili mafaili yako kwanza ukitumia monita ya nje, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), hakikisha unajua ulipohifadhi ufunguo wa kuifungulia.

Nikirudishiwa, nikague nini kabla ya kuondoka?

Fungua picha nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine ijaze skrini nzima. Pikseli mfu hujificha kwenye rangi moja na kuonekana kwenye nyingine. Punguza na uongeze mwanga. Jaribu kamera, maikrofoni na tachi. Funga mfuniko uone kama inalala. Kisha Wi-Fi: laptopu nyingi zina nyaya za antena ndani ya mfuniko, na zikibanwa wakati wa kufunga, mtandao unadhoofika bila wewe kujua chanzo. Risiti iandikwe namba ya paneli na muda wa dhamana ya fundi.

Nilifunga tu laptopu, ikapasuka. Inawezekanaje?

Nafasi kati ya skrini na kibodi kwenye laptopu nyembamba ni ndogo mno. Kalamu, kidude cha sikioni, hata kifuniko cha kamera kinatosha. Mwaka 2020 Apple iliwaonya watumiaji wa MacBook wasifunge kompyuta ikiwa na kifuniko juu ya kamera, na kwamba anayelazimika kukitumia asizidishe unene wa karatasi ya kawaida ya printa, yaani milimita 0.1. Ufa wa kifuniko cha kamera huanzia juu katikati, na wakaguzi huutambua mara moja.

Kioo kilichotolewa nikitupe?

Kidai kwa fundi na ukihifadhi mpaka dai la bima lifungwe, kwa sababu mthamini anaweza kutaka kukiona. Baada ya hapo kipeleke panapokusanywa taka za elektroniki. Paneli za zamani za kabla ya LED zina mirija ya mwanga yenye zebaki, hizo usizivunje wala kuzichoma.